Saundibaa au spika za kuzunguka: mtaji wako uuweke wapi?

Mfanyabiashara mwenye fremu ya vifaa vya umeme kandokando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, kuanzia Tengeru hadi Usa River, anakabiliwa na uamuzi ambao miaka michache iliyopita haukuwapo. Zamani aliagiza televisheni, redio na sabufa, basi. Siku hizi mteja mmoja anaingia akiulizia saundibaa, yaani ule upau mmoja mrefu wa spika unaowekwa chini ya televisheni. Mwingine anataka hom thieta kamili yenye spika tano za kuzunguka chumba, ambazo sokoni huitwa saraundi, pamoja na sabufa yake. Mtaji ni ule ule na rafu ni zile zile. Fedha ikienda kwenye bidhaa isiyotoka, boksi litakaa na vumbi huku kodi ya fremu ikidaiwa kila mwezi.

Wiki hii tunaichambua biashara hiyo kwa kutazama soko la Makumira. Tumelichagua eneo hili kwa sababu wanunuzi wake ni wa aina nyingi ndani ya kilomita chache. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambacho kina hata shahada ya muziki, hivyo usidhani masikio ya huko ni ya kudanganywa kwa mdundo tu. Wapo watumishi wanaojenga nyumba zao za kwanza. Zipo loji na nyumba za wageni zinazotegemea watalii wa Mlima Meru na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Na wapo wenye vibanda vya kuonyesha mpira na filamu. Kila kundi lina hitaji lake, na kosa la wauzaji wengi ni kuwauzia wote kwa lugha moja, ile ya watti na wingi wa spika.

Soko hili lenyewe si la zamani. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni za wakati huo zilikuwa za mgongo, kubwa kama kabati dogo, na ndani yake spika ilipata nafasi ya kutosha. Mitambo ya analojia ilipozimwa na watu kuhamia kwenye ving'amuzi, Arusha ikiwa mwaka 2013, wengi waliingia pia kwenye televisheni bapa. Televisheni bapa ina picha nzuri na sauti mbovu. Spika zake ni ndogo, nyembamba, na mara nyingi zimeelekezwa chini au ukutani. Soko la sabufa, saundibaa na saraundi linaishi kwa upungufu huo, na kila televisheni mpya inayouzwa inazaa mteja wa spika baada ya wiki chache.

CHANZO CHA SAUTI KWANZA

Kabla ya kuhesabu spika, hesabu njia za sauti zinazoingia. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, ya muuzaji na ya mnunuzi.

Maandishi 5.1 kwenye boksi yana maana maalumu. Tano ni spika za kawaida: kushoto mbele, kulia mbele, moja ya katikati inayobeba maneno ya waigizaji, na mbili za pembeni au nyuma zinazobeba mvua, umati, magari yanayopita. Hiyo .1 ni njia ya mdundo mzito peke yake, inayokwenda kwenye sabufa. Mpangilio huu uliingia majumbani hasa kwa DVD, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 1996. Ili spika tano zifanye kazi tano tofauti, filamu yenyewe lazima iwe imerekodiwa kwa njia hizo, kifaa kinachoichezesha kizitoe, na waya unaoziunganisha uweze kuzipitisha. Kiungo kimoja kikikosekana, unabaki na sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, inayonakiliwa kwenye spika tano.

Sasa jiulize mteja wa Makumira anachezesha nini. Matangazo mengi ya chaneli za ndani ni ya njia mbili. Filamu zinazojazwa kwenye flashi na vijana wenye kompyuta pale stendi mara nyingi zimeshabanwa ili zienee, na kinachotupwa kwanza katika kubana ni zile njia za ziada. DVD za kuchoma zenye filamu ishirini katika sahani moja ni hivyo hivyo.

Halafu kuna filamu zilizotafsiriwa, ambazo kwa wateja wengi ndizo chakula cha kila siku. Kazi hii, iliyojulikana nchini kwa watu kama Derek Mukandala aliyeitwa Lufufu, ni ya msimulizi mmoja kuweka sauti yake juu ya filamu nzima, akieleza, akichekesha na kuongeza chumvi. Ni sanaa yenye wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Lakini kwa jinsi inavyorekodiwa kwa kawaida, sauti ya msimulizi huchanganywa na ya filamu katika njia mbili au hata moja. Ukiwa na hom thieta ya 5.1 ya gharama kubwa, msimulizi atakusimulia kutoka pande zote za chumba kwa wakati mmoja, kama watu watano wanaosoma risala moja.

Mteja wa namna hiyo hana sababu ya kulipia saraundi. Saundibaa nzuri au sabufa ya 2.1 itampa kila kilichomo kwenye filamu yake. Mwenye king'amuzi cha HD cha DStv kinachoweza kutoa sauti ya Dolby, mwenye intaneti ya uhakika na akaunti ya Netflix, au mwenye DVD na Blu-ray halisi, huyo ndiye mteja wa saraundi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "una bajeti gani", bali "unaangalia nini, na kinatokea wapi".

GEUZA BOKSI UONE MGONGO

Wakati wa kuagiza mzigo Kariakoo, Nairobi au kwa mwenye jumla mjini Arusha, omba kifaa kimoja kitolewe kwenye boksi na ukigeuze. Kama nyuma yake kuna matundu mawili tu, jekundu na jeupe, pamoja na mahali pa flashi na Bluetooth, basi hicho ni kifaa cha njia mbili hata kama kina spika tano na kimeandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu. Matundu mawili hayapitishi njia sita. Saraundi ya kweli itakuwa na angalau mojawapo ya haya: tundu la mwanga linaloandikwa OPTICAL, tundu la HDMI lenye neno ARC, au matundu sita ya rangi kwa kila spika.

ARC ilikuja na toleo la HDMI la mwaka 2009. Kazi yake ni kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye spika kwa waya ule ule. Kwa mteja wa kawaida hiki ndicho kiungo kinachopunguza lawama, kwa kuwa rimoti ya televisheni inapandisha na kushusha sauti ya spika, na chochote kinachoonekana kwenye skrini, kiwe king'amuzi au flashi, kinasikika bila kuhamisha nyaya. Saundibaa nyingi za kisasa zinayo. Lakini angalia pia televisheni ya mteja. Kama tundu la ARC halipo huko, la kwenye spika halitasaidia.

Jambo la pili la mgongoni ni kile kibandiko kidogo cha umeme. Mbele ya boksi utakuta watti 5,000, hata 10,000, na pembeni herufi PMPO. Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda huipata kwa njia yake. Inayofaa kuulizwa ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Usipoiona, soma kwenye kibandiko ni watti ngapi kifaa kinavuta kutoka ukutani. Spika inayovuta watti 60 haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo 60; nyingine zingetoka wapi? Aidha, kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona kwa shida. Ili sauti isikike maradufu unahitaji nguvu kama mara kumi. Mteja anayeongeza fedha ili atoke watti 60 kwenda 100 ananunua namba.

Kwa walio kwenye kundi la D1 la TANESCO, wenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hesabu ni rahisi. Kifaa kinachovuta watti 60 kwa saa tano kila siku kinakula uniti 9 kwa mwezi. Wengi hawafiki huko kwa kuwa hawafungulii sauti hadi mwisho, lakini mteja anayelinda ukomo wake atakushukuru ukimwambia mapema.

CHUMBA CHENYEWE

Mwanafunzi aliyepanga chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, chenye kitanda, meza na jiko la gesi, hana mahali pa kuweka spika za nyuma. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa sauti inataka spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa msikilizaji, na zile za kuzunguka ziwe karibu nyuzi 110, yaani pembeni yake na nyuma kidogo. Anayekaa kitandani huku kitanda kimegusa ukuta atazining'iniza wapi? Kwa chumba hicho saundibaa fupi inatosha, na hata hiyo asiongeze sabufa kubwa. Mawimbi ya mdundo wa hezi 50 yana urefu wa karibu mita saba. Ukuta wa tofali moja hauyazuii, na mpangaji wa chumba cha pili hatahitaji kuuliza filamu inaitwaje.

Sebule ya nyumba ya familia ni suala jingine. Hapo kuna nafasi, lakini mara nyingi kuna mlango mpana wa kwenda chumba cha chakula upande mmoja na dirisha kubwa upande wa pili. Zipo saundibaa za bei ya juu zinazodai kukuzungushia sauti bila spika za nyuma. Zinafanya hivyo kwa kurusha sauti kwenye kuta za pembeni ili irudi kwa msikilizaji kutoka huko. Penye ukuta mmoja wazi, sauti inakwenda zake jikoni. Zile zinazorusha juu, zenye namba kama 5.1.2, zinataka dari tambarare. Dari ya jipsamu yenye ngazi na mapambo ya duara, ambayo siku hizi ni fahari ya kila nyumba mpya, inaitawanya. Sakafu ya vigae nayo bila zulia hufanya maneno yavume. Zulia na mapazia mazito vinaweza kuboresha sauti kuliko spika mbili za nyongeza.

Mabati nayo yanahusika. Kwenye miteremko ya Meru masika ya Machi hadi Mei si manyunyu. Mvua ikipiga juu ya bati, kinachopotea kwanza ni maneno. Milio ya risasi bado utaisikia. Hapa spika ya katikati ina thamani ya pekee, kwa kuwa ndiyo inayobeba mazungumzo. Saundibaa ya 3.1 ina spika ya katikati ya kweli, ya 2.1 haina. Kwa nyumba yenye wazee wanaolalamika kuwa hawasikii taarifa ya habari, 3.1 ni bora kuliko saraundi ya bei rahisi isiyo na njia sita, na muuzaji anayejua kulieleza hilo atauza.

Kama mteja ana nafasi, ana chanzo na ana fedha, mwuzie saraundi bila kusita. Hakuna saundibaa ya bei hiyo hiyo itakayomfikia. Mshauri tu aachane na zile nyaya nyembamba za kwenye boksi iwapo spika za nyuma ziko mbali. Waya wa milimita za mraba 1.5, unaotumiwa na mafundi kufunga taa, unafaa kwa mita kumi bila kupoteza nguvu ya maana.

Umeme nao utazamwe. Ukanda wa kaskazini unalishwa na mitambo iliyo mbali. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja hasara inayotokea njiani umeme unaposafirishwa kutoka mbali. Kifaa kilichoandikwa 100–240V kinavumilia umeme unaposhuka jioni. Chenye transfoma ya kizamani ya 220–240V kitapoteza nguvu au kuvuma. Kinachoua vyote viwili ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kwa hiyo kilinda umeme kiwekwe kwenye meza ya mauzo pamoja na spika. Faida yake ni ndogo lakini inapunguza marejesho.

VIBANDA NA LOJI

Mwekezaji wa kibanda cha kuonyesha mpira asinunue hata kimojawapo. Saundibaa imetengenezwa kwa msikilizaji aliye mita tatu hivi. Kwenye banda la mita kumi lililojaa watu, benchi la nyuma linaweza kupata sauti pungufu kwa karibu desibeli 10, ambayo masikioni ni kama nusu. Saraundi nayo inaleta tatizo lake: aliyekaa chini ya spika ya nyuma anasikia umati wa uwanjani bila mtangazaji, wa mbele anasikia mtangazaji bila umati, na wote wamelipa kiingilio kile kile. Spika mbili kubwa za ukumbi zenye amplifaya ndani, zikiwekwa mbele na kuinuliwa juu ya vichwa, zinafanya kazi vizuri zaidi na zinaweza kukodishwa kwenye harusi siku ambazo hakuna mechi.

Mwekezaji huyo akumbuke pia majirani na vibali. Maonyesho ya filamu kwa umma yanaangukia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kelele zinaangukia kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambazo NEMC imekuwa ikizisimamia kwa kufungia maeneo ya burudani. Sabufa ndiyo inayokupeleka huko. Sauti ya mtangazaji haivuki barabara, mdundo unavuka.

Kwa loji, saundibaa ndogo isiyo na sabufa chumbani inatosha kabisa. Mgeni aliyetoka mlimani anataka kulala. Saraundi ifikiriwe kwenye chumba cha mapumziko tu, na kama kweli wapo wageni wa kuangalia filamu.

HESABU YA MTAJI

Sasa tuje kwenye rafu. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mfanyabiashara aubadilishe kwa bei za jumla atakazozikuta siku ya kununua. Una shilingi milioni 3. Unaweza kuchukua saundibaa 12 kwa shilingi 250,000 kila moja na kupata faida ya shilingi 40,000 kwa kila moja. Au unachukua saraundi 6 kwa shilingi 500,000 na kupata faida ya shilingi 90,000 kwa kila moja. Tuseme saundibaa zinaisha kwa wiki 6 na saraundi kwa wiki 15.

Kwa mzunguko mmoja saraundi inaonekana kushinda: shilingi 540,000 dhidi ya 480,000. Wengi huishia hapo. Lakini katika wiki 30 saundibaa zimezunguka mara tano na kuleta shilingi 2,400,000, wakati saraundi zimezunguka mara mbili na kuleta 1,080,000. Biashara ndogo inaishi kwa mzunguko, na kwa hesabu hii saundibaa ni zaidi ya maradufu.

Tuongeze sasa jambo ambalo bei ya jumla haikuonyeshi, yaani kifaa kinachorudi. Katika kila mzunguko wa saundibaa 12, moja irudi imekufa na isitengenezeke, nawe umrudishie mteja fedha yake. Unapata faida ya 11, yaani shilingi 440,000, unapoteza mtaji wa 250,000, unabaki na 190,000. Mara tano ni shilingi 950,000. Upande wa saraundi, moja irudi katika kila mzunguko na fundi aitengeneze kwa shilingi 30,000. Unabaki na 510,000, mara mbili ni 1,020,000. Ile tofauti kubwa imeyeyuka na kupita upande wa pili, kwa sababu ya boksi moja kati ya kumi na mbili.

Kwa nini tumeweka kuwa saundibaa haitengenezeki na saraundi inatengenezeka? Kwa sababu ndivyo benchi la fundi linavyosema. Sabufa na saraundi nyingi za bei ya kati zina amplifaya ya kizamani yenye aisii zinazojulikana, mfano TDA2030, ambazo fundi wa Usa River au Arusha anazinunua na kuzibadilisha kwa pasi ya kawaida. Koni ikipasuka inabadilishwa. Spika moja ikifa nne zinaendelea. Saundibaa imebanwa, bodi yake ni moja, vipande vyake ni vidogo kama chembe za mchele, spika zake zina umbo la yai ambalo huikuti kwenye maduka ya vipuri. Zile zenye sabufa isiyotumia waya zina shida nyingine: sabufa hiyo kwa kawaida inaongea na upau wake tu, na upau ukifa sabufa nzima inabaki kuwa stuli.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania shilingi 5,000 ya punguzo, bishania waranti. Muulize mwenye jumla: ikirudi ndani ya miezi sita, unanipa nyingine au unanipa namba ya simu? Unanibadilishia hapa Arusha, au niisafirishe mwenyewe zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam? Jibu liandikwe kwenye risiti ya EFD, lenye namba ya kifaa. Mwenye jumla anayekubali kubadilisha amekurudishia ile shilingi 2,400,000 ya mfano wetu. Asiyekubali, punguzo lake la 5,000 kwa kila boksi linakupa 60,000 kwa mzunguko, wakati boksi moja lililokufa linakugharimu 290,000.

Tahadhari hiyo inahusu zaidi bidhaa zenye majina makubwa kwa bei ya ajabu. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukikamatwa dukani kwako mtaji uliomo ndio unaokwenda. Saundibaa iliyoandikwa jina la kampuni maarufu huku mwongozo wake ukiwa na jina jingine isikae kwenye rafu yako hata kama inatoka haraka. Ni salama zaidi kuuza chapa isiyojulikana, yenye jina lake lenyewe na muuzaji unayemfahamu mlango wake.

Kwa mtaji wa milioni 3 katika eneo hili, mgawanyo tunaouona unafaa ni huu. Sehemu kubwa ibaki kwenye sabufa za 2.1, ambazo bado ndizo bidhaa ya mtu wa kawaida na ambazo kila fundi anazijua. Saundibaa ziwe chache, za aina mbili tu: fupi ya vyumbani na ya 3.1 ya sebuleni, zote zenye HDMI ARC na waranti ya kubadilishiwa. Saraundi iwe moja, iliyofungwa na kuchezeshwa dukani kwa filamu yenye njia sita za kweli. Nyingine ziagizwe mteja akishatanguliza fedha. Ukipata mwenye jumla wa kukupa saraundi kwa mali kauli, hesabu inabadilika kwa kuwa wiki 15 za kusubiri hazili mtaji wako, na hapo unaweza kuweka hata tatu.

Mwachie mteja wa saundibaa achomeke flashi yake mwenyewe kabla ya kulipa. Akisikia filamu yake aliyoizoea, yenye msimulizi wake, hatarudi kesho kusema ulimchezeshea kitu kingine.

Kuhusu majira, mauzo ya wanafunzi hutegemea vyuo kufunguliwa, Oktoba na Novemba, hasa bumu likishatoka. Mauzo ya sebuleni yana kilele Desemba, watu wa Meru na Kilimanjaro wanaporudi nyumbani na kila mmoja kutaka kuacha kitu kwa wazazi. CAF iliikabidhi AFCON ya 2027 kwa Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2023, na Arusha ni miongoni mwa miji iliyopangiwa uwanja, hivyo wanaolenga vibanda na loji waanze mapema kuulizia bei za spika za ukumbi. Mzigo wa Desemba uwe umefika dukani kabla ya wiki ya pili ya mwezi huo. Baada ya hapo mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa abiria na mizigo yao, na boksi la saundibaa lenye urefu wa mita moja ndilo la kwanza kuachwa stendi au kukaliwa.